Kuku wa Upande Mmoja

Mama mkwe wake hakujua kunong'ona. Alipoambiwa kwamba mke wa mwanawe ametolewa kifuko kimoja cha mayai hospitalini, cha kulia, kwa sababu kilikuwa na uvimbe, alisikitika kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, kisha akaanza kusambaza. Haukupita muda, mtaa mzima ukawa na habari. Muuza mkaa alimpa pole. Fundi cherehani alimpa pole huku macho yake yakiwa tumboni mwake. Mama mmoja asiyemjua kabisa alimshika mkono kwenye foleni ya maji akamwambia, "Pole mwanangu, utazoea tu kuishi na hiyo nusu," naye akabaki na ndoo yake mkononi, ameduwaa, hajui acheke au alie.

Nusu! Hilo ndilo neno lililomkaa kooni. Angeambiwa mgonjwa angevumilia, angeambiwa ana bahati mbaya angevumilia pia. Lakini nusu? Nusu ni ya mkate. Nusu ni ya lita ya mafuta ya taa. Mtu anaamka, anajifunga kanga, anakwenda kazini, anarudi, anapika, anafua, halafu aambiwe ni nusu?

Na kazi yenyewe, jamani, ndiyo iliyozidi kumtia uchungu. Alikuwa msimamizi wa chumba cha mashine kwenye kituo cha kutotolesha vifaranga. Yeye ndiye aliyepokea mayai, akayapanga kwenye trei, akayaingiza kwenye joto, na baada ya siku kadhaa akayamulika kwa taa, moja baada ya jingine. Yai lenye uhai linaonyesha mishipa myekundu imetanda ndani. Yai lisilo na mbegu linapitisha mwanga tu, jeupe. Madereva waliokuja kupakia maboksi ya vifaranga walimbandika jina la Mama Vifaranga, na jina likamganda. Zamani alikuwa akiitika kwa kicheko. Tangu atoke hospitalini, kila akiitwa hivyo alisikia kama amefinywa.

Sasa, daktari alikuwa amesema nini? Daktari alisema wazi kabisa: "Kimoja kinatosha. Hiki cha kushoto ni kizima, mrija uko wazi, huna tatizo. Mlete mwenzako naye tumpime." Maneno machache tu, mepesi. Lakini mwenzake, hapo ndipo mambo yalipokwama.

Mume wake alikuwa fundi wa friji. Huyo bwana habadilishi hata fyuzi kabla hajaipima. Atakalia kigoda mbele ya friji iliyozimika, apime huku, apime kule, na ukimharakisha anakwambia, "Nisibahatishe." Nyumbani alikuwa mtu mwema, hilo lazima lisemwe. Mkewe alipotoka hospitalini, yeye ndiye aliyefua, akapika, akamkanda miguu. Ila yeye kupimwa, thubutu! Kila walipokwenda hospitali aliegesha pikapu yake nje ya geti, akazima injini, akajiegemeza kwenye kiti.

"Huingii?" mkewe humuuliza.

"Gari halina alamu. Nani atalilinda?"

Gari lenyewe, kama ungeliona! Mlango mmoja umefungwa kwa waya, taa moja ilishakufa. Mwizi angeliiba angelirudisha na pole juu. Lakini Mama Vifaranga alikuwa akiingia peke yake, anakaa kwenye benchi peke yake, anajibu maswali peke yake, na anatoka kumkuta mlinzi wa gari amelala, mdomo wazi.

Na mbele ya mama yake, ndiyo basi kabisa. Mama akianza, "Huyu mkeo na hiyo nusu yake," yeye huangalia viatu vyake. Hasemi ndiyo, hasemi hapana. Mkewe alichokuwa akikitaka kilikuwa kitu kidogo tu, amwambie mama yake, "Tatizo bado halijajulikana ni la nani." Sentensi moja. Haikutoka.

Basi mama mkwe akawaita chakula cha mchana siku ya Jumapili. "Mje," alisema kwenye simu, "kuna neno." Neno lenyewe halikuwa siri, kwa kuwa shangazi yake mume alikuwa amekwisha kulitangaza. Hawakumwita bure Shangazi Redio. Kulikuwa na binti, mpole, ana adabu, kwao wanazaa mapacha kama mchezo, na wazazi wake walikuwa wanasubiri tu kupigiwa simu. Jumapili ilikuwa siku ya mume kuambiwa aoe mke wa pili. Mama Vifaranga alijua, na mumewe alijua kwamba anajua, na wakaenda njia nzima ndani ya pikapu ile wakizungumzia bei ya gesi ya friji.

"Leo utasema?" alimuuliza walipofika.

"Nitasema nini?"

"Basi. Zima gari."

Walimkuta mama mkwe uani, amekunja mikono ya gauni mpaka viwikoni, maji ya moto tayari. Ndani ya beseni kulikuwa na kuku wawili waliokwisha kunyonyolewa, tetea mweupe na jogoo mkubwa. Tetea alikuwa na tabia ya kula mayai yake mwenyewe, kwa hiyo hukumu yake haikushangaza mtu. Jogoo alikuwa na kesi nyingine. Mwezi uliopita mama mkwe alipeleka trei nzima ya mayai kituoni yakatotoleshwe, na Mama Vifaranga alipoyamulika, yote yalikuwa meupe. Hakuna hata moja lenye mshipa. Alikwenda kumwambia kwa woga, akidhani mama atawalaumu matetea wake, au taa, au yeye. Mama hakuwatazama hata matetea. "Mayai yakitoka meupe, mimi naanza na jogoo," alisema, na kuanzia siku hiyo jogoo alikuwa anakula siku zake za mwisho.

Mume alipewa feni mbovu akaitengeneze barazani. Mama Vifaranga alipewa kisu. Shangazi Redio alikuwa amekaa kwenye kigoda, simu kwenye paja, anamenya vitunguu saumu taratibu ili vimtoshe mpaka mwisho wa mazungumzo.

"Mwanangu," alianza, kwa ile sauti ya huruma inayochoma kuliko matusi, "sisi tunakupenda. Mpishi hodari, huna kiburi. Lakini mwanamke ameumbwa na viwili. Kimoja kikitoka, unabaki unabahatisha. Na huyu kijana wetu umri unakwenda."

"Daktari amesema kimoja kinatosha, Shangazi."

"Madaktari wanafariji watu. Ndiyo kazi yao."

"Akufariji wewe, sisi tutafarijiwa na nani?" akadakia mama mkwe, kisu cha pili mkononi, anachambua miguu ya kuku. "Mimi nataka mjukuu. Sina maneno mengi."

Mama Vifaranga alivuta pumzi. Alikuwa amechoka mpaka kucha. Alikuwa amejibu maneno haya jikoni, sebuleni, kwenye simu, na mara moja mlangoni mwa choo. Akamlaza tetea mweupe chali kwenye ubao, akampasua, akatoa matumbo na firigisi kwa uangalifu bila kugusa kitu kingine, kisha akaweka kisu chini.

"Mama, hebu njoo."

"Nini?"

"Njoo uone tu."

Mama mkwe akasogea. Ndani ya tetea, kwenye uti wa mgongo, palikuwa na kichala cha viini vya njano, kikubwa cha kutagwa kesho, kinachofuata kidogo kidogo, mpaka vile vya mwisho kama punje za mtama.

"Hiki ndicho kifuko chake cha mayai. Kiko upande gani?"

"Upande wake wa kushoto."

"Nitafutie cha kulia."

Mama mkwe akamtazama kama mtu anayetegewa mtego, kisha akaingiza vidole. Akapapasa. Akasukuma ini. Akapapasa tena. Akamgeuza kuku kwenye mwanga, akainama mpaka pua ikakaribia kuingia. Upande wa kulia palikuwa patupu.

Na Mama Vifaranga, moyoni, alikwisha kushangilia. Alisema, sasa ameona kwa macho yake, sasa yameisha.

"Mungu wangu!" Mama mkwe alishika kifua kwa mkono ule ule wenye damu. "Kuku wangu mgonjwa!"

"Si mgonjwa, mama. Kuku wote..."

"Huyu nilimnunua wapi? Si kituoni kwenu? Si kifaranga wa kwenu huyu?" Macho yalimtoka. "Kumbe! Kumbe ndiyo maana! Wewe ndiye unayeyapanga mayai kwenye zile mashine, wewe ndiye unayeyashikashika! Shangazi, umesikia? Anatotolesha nusu nusu!"

Shangazi Redio tayari alikuwa na simu mkononi. "Makubwa haya! Na watu wanawalisha watoto wao kuku hao!"

Loo! Mama Vifaranga alitamani kukaa chini pale pale kwenye manyoya alie. Wewe unaleta ushahidi, ushahidi unageuka unakukamata shati.

"Shangazi, weka simu chini!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, hata feni barazani ikaacha kugongwa. "Nisikilizeni, wote wawili, nami nitasema mara moja tu. Kifaranga akiwa bado ndani ya yai, siku za mwanzo, huwezi kujua huyu jogoo au huyu tetea. Wote wana vichipukizi viwili, kulia na kushoto, sawa kabisa. Baadaye ndipo wanapoachana. Akiwa dume, vinakua vyote viwili, vinakuwa korodani. Akiwa jike, cha kushoto kinakua, kinakuwa kifuko cha mayai. Cha kulia kinadumaa, kinabaki kitu kidogo hakina kazi. Hata mrija wa kupitishia mayai, wa kushoto unakua, wa kulia unanywea. Hakuna aliyemkata, hakuna aliyemroga. Tetea ndivyo alivyo. Na kwa hicho kimoja anataga mpaka unachoka kuokota!"

"Umeona wapi?"

"Kazini! Mayai yanayogoma kuanguliwa tunayapasua tujue yamekufa kwa nini. Nawaona humo ndani kwa lenzi, mama, vifaranga hawajaota hata manyoya. Madume wana punje mbili kama za mchele. Majike wana kushoto tu."

Mama mkwe alikunja uso. Hakuwa mjinga. Alikuwa amefuga kuku maisha yake yote, na ubishi wake ulikuwa ubishi wa mtu anayejua mifugo. "Hao ni wa mashine," alisema. "Mashine zenu zinaharibu vitu. Kuku wangu wa kienyeji ni wazima."

"Basi mlete wa kienyeji."

"Utalipa wewe?"

"Mama, mlete!"

Mama mkwe akatupa kisu kwenye beseni, akaingia bandani mwenyewe, na baada ya makelele na vumbi akatoka na tetea mweusi mzee, aliyeatamiwa na mama yake nyuma ya jiko la nyumba hii hii, hajawahi kuonja umeme. Shangazi akauliza kwa unyonge leo watakula kuku wangapi. Kuku akachinjwa, akatiwa maji ya moto, akanyonyolewa kwa hasira na mikono minne. Safari hii mama mkwe alipasua mwenyewe, mkwewe asimguse hata kidogo.

Akaingiza mkono.

Mkono ulikwenda moja kwa moja kushoto, kabla hajauambia. Ukatoka na kichala kidogo cha viini, kizee, lakini kipo. Kisha akautazama ule mkono. Akaurudisha ndani, upande wa kulia, akapapasa taratibu, muda mrefu, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Huku hamna," alisema.

"Hamna, mama."

"Yale mayai machanga, mwanangu alipokuwa mdogo alikuwa anayapenda kwenye mchuzi. Kila nikichinja namtolea." Alikuwa kama anajisemea mwenyewe. "Na siku zote mkono naupeleka kushoto. Siku zote. Sijawahi hata kujiuliza kwa nini."

Hasira zilikuwa bado zimemjaa Mama Vifaranga, lakini kwa mara ya kwanza mwezi ule mama mkwe alikuwa anajiuliza, na hakutaka kuharibu.

Aliyeharibu ni Shangazi. "Haya, tetea kimoja, sawa," alisema, hataki redio izimwe. "Lakini huyo jogoo je? Mpasueni huyo!"

Wakampasua jogoo. Hapo hapakuhitaji kupapasa. Vilikuwa viwili, kulia na kushoto ya mgongo, vyeupe, vimenona, vikubwa kuliko maharage.

"Si mnaona!" Shangazi akapiga makofi. "Mwanamume ni viwili! Mwanamume amekamilika!"

"Amekamilika kweli, Shangazi," alisema Mama Vifaranga. Sauti yake sasa ilikuwa ya chini, ya mtu aliyemaliza maneno. "Viwili, vimenona. Na trei nzima ya mayai, meupe."

Maji yalikuwa yanachemka bila mtu wa kuyaangalia. Mama mkwe alimtazama jogoo. Akawatazama matetea wawili, mweupe na mweusi, na vichala vyao. Kisha, polepole, akageuza shingo akatazama barazani, ambako mwanawe alikuwa ameinamia feni kama mtu anayetafuta mlango wa kuingia ndani yake.

"Wewe," aliita. "Njoo hapa."

Mume akaja na bisibisi yake. "Naam, mama."

"Umepimwa?"

"Nini?"

"Usinijibu nini. Hospitali. Mwenzako amepimwa, amepasuliwa, ameshonwa. Wewe umepimwa?"

Akamtazama mkewe. Kwa muda wote huu mkewe ndiye aliyekuwa akimwokoa kwenye maswali kama haya, akitupia neno, akibadilisha mazungumzo. Leo alichukua kitambaa, akaanza kufuta kisu.

"Bado, mama."

"Daktari hajakuita?"

"Ameniita. Mara nyingi."

"Kwa nini hukwenda?"

Aligeuza bisibisi mkononi. Alipojibu, alijibu kama mtoto. "Naogopa. Naogopa nikiambiwa ni mimi."

"Na mwenzako hakuogopa?" Mama mkwe alisimama, na kwa kimo chake kile kidogo alimfanya mwanawe arudi nyuma hatua. "Mwezi mzima namtangaza mtoto wa watu! Nimemtangaza kisimani, nimemtangaza kwa fundi cherehani, nimemtangaza mpaka kwa watu nisiowajua! Na wewe umekaa tu, unanisikiliza, unajua hujapimwa! Hukuweza kuniambia, mama, nyamaza?"

"Nilidhani utachoka mwenyewe."

"Mimi? Nichoke? Umeniona nikichoka lini?"

Mama Vifaranga aliendelea kufuta kisu ambacho kilikwisha kukauka. Maneno aliyoyangoja mwezi mzima yalikuwa yamesemwa hatimaye, na yakasemwa na mdomo ule ule uliomchoma. Hakujua amkumbatie nani na ampige nani. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiwiko, na akachukia kwamba yametoka.

Mumewe aliyaona. Akaweka bisibisi kwenye ukingo wa beseni. "Nisamehe," alisema, na hakuangalia viatu. "Sikukutetea. Nilikuwa nasikia kila kitu na sikukutetea."

"Ulikuwa unasikia," alisema mkewe. "Hilo ndilo linaloniuma."

"Shangazi," alisema mama mkwe bila kugeuka, "wale watu wa binti wapigie. Waambie wasitungoje."

"Nitawaambia nini sasa?"

"Wewe? Wewe ukose la kusema?"

Mama mkwe hakuomba radhi. Hakuwa na mazoea hayo, na wala hakuyaanza siku ile. Alikusanya vile viini vya njano kutoka kwa matetea wote wawili, akavisuuza, akavitia kwenye bakuli dogo, akamsogezea mkwewe mbele. Mwanawe aliyekuwa akivipenda tangu utotoni alinyoosha shingo kidogo. Akapigwa jicho, akairudisha.

"Kesho asubuhi mnakwenda," alisema mama. "Wote wawili. Mpaka ndani, mpaka kwa daktari."

Mume akaitikia kwa kichwa. Kisha, mazoea ni kitu kibaya, mdomo ukamtangulia. "Sawa, mama. Ila pale getini, lile gari halina ala..."

Akajikata mwenyewe, lakini tayari lilikuwa limetoka. Mkewe akafumba macho. Mama mkwe akachovya mikono kwenye maji, akaiosha vizuri mpaka viwikoni, akajipangusia gauni.

"Gari nitalilinda mimi," alisema.